UZI: Upasuaji wa nyonga kwa matundu madogo. Nani anafaidika, nini huharibika, na mgonjwa wa Mtwara na Lindi ajipange vipi

Gegedu_Kusini:

Wakuu, habari za mchana. Huku Kusini neno "upasuaji wa matundu", yaani kuingiza kamera na vifaa kiungoni kupitia matundu madogo, limeshaingia viwanjani na vijiweni, na watu wanalichukulia kama sindano: unaingia asubuhi, unatoka jioni, wiki mbili baadaye uko uwanja wa Nangwanda Sijaona unapiga shuti. Kwa nyonga hali haiko hivyo. Kuna watu watapoteza nauli, akiba ya korosho na hata kiungo chenyewe kwa kulielewa vibaya jambo hili, ndiyo maana nimeufungua uzi. Wa picha, wa fizio (tiba ya mazoezi) na wa chumba cha upasuaji, karibuni mjazie.

Nyonga ni tufe lililokaa ndani ya kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kimo kwenye mfupa wa fupanyonga. Vyote viwili vimepakwa gegedu, tabaka laini linaloteleza. Kwenye mdomo wa kikombe kuna pete laini iitwayo labramu, kazi yake ni kama oringi ya bomba: inaziba ili ute wa kiungo usikimbie. Goti ni rahisi kuingiza kamera kwa sababu lina nafasi. Nyonga imebanwa kabisa. Mwaka 1931 Michael Burman wa New York alijaribu kwa maiti, akaona kwamba kupita katikati ya tufe na kikombe haiwezekani. Takagi wa Japani alichapisha wagonjwa wa kwanza mwaka 1939. Lakini upasuaji huu ulienea hasa baada ya 2003, Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walipoeleza jinsi nyonga inavyojigonga yenyewe na kujichakaza.

Kujigonga huko kuna sura mbili. Ya kwanza, shingo ya mfupa wa paja ina nundu. Ukikunja mguu, nundu inaingia kikombeni kwa nguvu na kubandua gegedu. Ya pili, mdomo wa kikombe umefunika tufe kupita kiasi, hivyo labramu inasagwa kati ya mifupa miwili. Wengi wana zote mbili. Daktari anachofanya ndani ni kuichonga nundu, kupunguza ukingo uliozidi, na kushona labramu iliyochanika kwa nanga ndogo zenye uzi.

Sasa matokeo. Jaribio kubwa la Uingereza lililotoka 2018 liligawa watu 348: nusu upasuaji, nusu fizio iliyopangwa kwa kila mtu. Kipimo cha hali ya nyonga ni cha 0 hadi 100, alama nyingi ni nafuu zaidi, na makundi yote mawili yalianzia chini ya 40. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa karibu 59, wa fizio karibu 50. Ukisawazisha tofauti za mwanzo, pengo ni alama 6.8, na mgonjwa huanza kuhisi tofauti kwenye alama 6 hivi. Jaribio la pili la Uingereza, 2019, watu 222, lilionyesha pengo la alama 10 kwenye shughuli za kila siku baada ya miezi 8. Jaribio la wanajeshi wa Marekani, watu 80, halikuona tofauti baada ya miaka miwili, ila wengi waliopangiwa fizio walihamia kwenye upasuaji katikati ya safari, kwa hiyo msilipe uzito sawa.

Someni vizuri hapo. Upasuaji unasaidia kuliko fizio kwa mtu aliyechaguliwa vizuri, na msaada wenyewe ni wa wastani. Anayekuahidi nyonga mpya anakudanganya.

Mwana_Ruangwa:

Dokta, asante. Swali la upande wa mpira. Mchezaji wa miaka 22 anaumwa kinena kila akipiga shuti au akigeuka ghafla, akikaa kitako muda mrefu anakakamaa. Huyo ndiye wa upasuaji? Na atakaa nje muda gani?

Gegedu_Kusini:

Kocha, huyo ni wa kuchunguzwa kwanza. Kinena cha mchezaji kina wapangaji wengi: msuli wa paja la ndani, ngiri, mfupa wa kinena, hata mgongo. Mlaze chali, kunja goti lake kuelekea kifuani mpaka nyuzi 90, kisha lisogeze ndani huku unyayo ukienda nje. Maumivu yakichoma ndani ya kinena, nyonga ni mtuhumiwa. Jaribio hilo lina tabia ya kumkamata hata asiyehusika, kwa hiyo lisitoe hukumu peke yake. Linaloaminika zaidi ni sindano ya ganzi ndani ya kiungo kwa kuongozwa na picha: maumivu yakiondoka kwa saa chache kisha yakarudi, chanzo kimo ndani. Yasipobadilika hata kidogo, kuchonga mfupa hakutamsaidia.

Kabla ya kisu, fizio ya dhati miezi 3: misuli ya makalio, tumbo na namna ya kukimbia. Akipasuliwa, hesabu miezi 4 hadi 6 kurudi mchezoni, na usimharakishe hata kama ligi inaisha. Halafu, kocha, nundu hizi hujengeka zaidi kwa vijana wanaocheza sana wakati mifupa bado inakua. Watoto wa miaka 12 hadi 15 wapewe siku za kupumzika.

Picha_Mingoyo:

Niongeze upande wa picha, maana hapa ndipo uamuzi unapotengenezwa au kuharibiwa.

Eksirei ya kwanza ni ya fupanyonga zima kutoka mbele, nyonga zote mbili kwenye filamu moja. Hakikisha ncha ya kifandugu iko juu kidogo ya maungio ya kinena, sentimita 1 hadi 3. Fupanyonga likiinama, kikombe kitaonekana kimegeuka nyuma wakati kiko sawa, na mtu anaweza kuchongwa ukingo usio na kosa. Ya pili ni ya pembeni: nyonga imekunjwa nyuzi 45 na kupanuliwa nje nyuzi 20. Hiyo ndiyo inayoionyesha nundu. Kwa picha ya mbele peke yake nundu nyingi hazionekani.

Vipimo vitatu viandikwe kwenye ripoti. Pembe ya nundu: ikizidi nyuzi 55 hadi 60, nundu ipo. Pembe ya kikombe kufunika tufe: kati ya 25 na 40 ni kawaida, zaidi ya 40 kimezidi, 20 hadi 25 ni mpakani, chini ya 20 ni kikombe kifupi. Cha tatu, nafasi ya kiungo kwa milimita. Ikishuka chini ya 2, gegedu limekwisha, na upasuaji wa matundu kwa mtu huyo huishia kwenye nyonga ya bandia mapema.

MRI, picha ya sumaku inayoonyesha nyama laini, nayo isiabudiwe. Utafiti wa 2012 ulipiga MRI watu 45 wasio na maumivu yoyote, wastani wa miaka 38, na asilimia 69 walikuwa na labramu iliyochanika. Ripoti kusema "labramu imechanika" haitoshi kumpeleka mtu mezani.

Gegedu_Kusini:

Picha_Mingoyo umesema neno. Kikombe kifupi ndicho mtego mbaya kuliko yote. Mgonjwa ni kijana, gegedu zuri, labramu imechanika, kila kitu kinamwita daktari ashone. Lakini labramu hiyo imechanika kwa sababu inabeba mzigo ambao mfupa ulipaswa kuubeba. Ukiingia, ukakata kifuko kinachokizunguka kiungo na kupunguza ukingo, umeondoa kizuizi cha mwisho. Tufe linaanza kuhama, kuna waliotoka nyonga kabisa. Mtu wa pembe chini ya 20 anahitaji upasuaji wa kukigeuza kikombe chenyewe, ambao ni mkubwa na wa wazi.

Sista_Mikindani:

Naomba nieleze ya mezani, kwa sababu madhara mengi yanatokana na kuuvuta mguu.

Mgonjwa analala chali au ubavu, mara nyingi kwa nusu kaputi yenye dawa ya kulegeza misuli. Misuli isipolegea, nguvu ya kuvuta inapanda. Unyayo unafungwa kwenye kiatu cha meza baada ya kuviringishiwa sponji nene, maana ngozi ya kisigino na juu ya unyayo huchubuka. Katikati ya mapaja inakaa nguzo iliyofunikwa sponji, upana wake uwe zaidi ya sentimita 9, na isukumwe upande wa paja linalopasuliwa ili isikandamize katikati. Baadhi ya vituo siku hizi havitumii nguzo. Vinamweka mgonjwa kwenye godoro linaloshika ngozi, kichwa kikiwa chini kidogo.

Mguu unavutwa kwa kilo 11 hadi 23 mpaka nafasi ifunguke milimita 8 hadi 10, huku mashine ya eksirei ikionyesha. Daktari akiingiza sindano ndefu, hewa inaingia, utupu wa kiungo unavunjika, na tufe linaachia kwa urahisi zaidi. Kutoka dakika hiyo muuguzi anaandika muda. Lengo ni chini ya saa 1, mwisho saa 2. Kazi ya kwenye shingo ya paja haihitaji mvuto, kwa hiyo mguu ulegezwe mara tu kazi ya kikombeni inapoisha.

Mvuto ukirefushwa, neva zinalala. Inayolalamika zaidi ni ya sehemu za siri: ganzi kwenye uume, pumbu au mashavu ya uke, na wengine tendo la ndoa linasumbua kwa muda. Wengi hupona ndani ya siku hadi wiki chache. Wagonjwa wetu huona haya kulisema, kwa hiyo waambiwe kabla, mke na mume wakiwepo kama mgonjwa anaridhia. Ganzi ya upande wa nje wa paja ni jambo jingine. Ile inatokana na tundu la mbele kupita karibu na neva ya ngozi.

Hatari nyingine ni maji. Pampu inasukuma maji ya chumvi kwa shinikizo la milimita 40 hadi 60 za zebaki, na mifuko ya lita 3 inaisha haraka. Hesabu yaliyoingia na yaliyotoka. Maji yanaweza kufuata msuli unaopita mbele ya nyonga yakapanda hadi tumboni, hasa kano ya msuli huo ikikatwa. Ni nadra sana, lakini inaua. Dalili ni tumbo kuwa gumu, joto la mwili kushuka, presha kushuka, na mashine ya kupumulia kuhitaji nguvu zaidi. Kila baada ya muda ingiza mkono chini ya shuka ushike tumbo. Likijaa, pampu inazimwa na mtu wa usingizi anaambiwa papo hapo. Maji yawe na joto la mwili, kwani saa mbili za maji baridi zinamtetemesha mgonjwa vibaya.

Mwana_Ruangwa:

Sista, hizo hatari ni kwa wangapi kwa mia?

Gegedu_Kusini:

Uchambuzi wa 2013 ulikusanya nyonga zaidi ya 6,000. Madhara makubwa yalikuwa asilimia 0.58, yaani sita kwa elfu. Madogo asilimia 7.5, mengi ni ganzi ya neva na mikwaruzo ya gegedu wakati wa kuingia. Waliorudi mezani asilimia 6.3, waliobadilishiwa nyonga ya bandia asilimia 2.9. Takwimu hizo zilitoka zaidi kwa madaktari wenye mkono mzoefu, msizichukue kama ahadi ya kila meza.

Kuhusu hao wanaorudi mezani: sababu inayoongoza ni nundu iliyobaki. Daktari amechonga mbele anapopaona, akaacha juu na pembeni. Kosa la kinyume ni kuchonga kupita kiasi. Majaribio ya maiti yalionyesha kwamba ukiondoa zaidi ya asilimia 30 ya upana wa shingo pale mbele, mfupa unadhoofika na unaweza kuvunjika kwa uzito wa kawaida. Ukichonga sana juu nyuma, unaweza kukata mishipa midogo inayolisha tufe, na tufe likafa. Nanga nayo ikichimbwa kwa pembe mbaya, ncha inatokea ndani ya kikombe na kulikwaruza tufe kila hatua.

Kifuko cha kiungo hukatwa sentimita 2 hadi 4 ili kamera na vifaa vipate nafasi. Zamani kiliachwa wazi. Siku hizi madaktari wengi wanakifunga kwa nyuzi, hasa kwa wanawake wenye viungo vinavyonyumbuka sana. Muulize daktari wako swali hilo kwa jina: "Kifuko utakifunga?"

Na uzoefu ni kila kitu hapa. Uchambuzi wa jimbo la New York uliona hatari ya kurudiwa ikiendelea kushuka hata kwa daktari aliyeshafanya nyonga mamia. Daktari hodari wa goti kwa kamera si lazima awe hodari wa nyonga kwa kamera. Ukipewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar, au kwingineko, uliza ni nyonga ngapi amefanya, usione aibu.

Bi_Chikundi:

Samahani wataalamu. Je, mama wa miaka 58 ambaye nyonga imesagika, anachechemea na usiku halali? Na kijana mwenye sikoseli anayeumwa nyonga?

Gegedu_Kusini:

Dada, mama wa miaka 58 mwenye nyonga iliyosagika usimpeleke kwenye matundu. Kamera haioteshi gegedu. Atakuwa amelipia maumivu mawili: ya upasuaji huu, na ya kubadilishiwa nyonga baada ya mwaka au miwili. Tazama Andy Murray, mcheza tenisi wa Uingereza: alifanyiwa upasuaji wa nyonga kwa kamera Januari 2018 huko Melbourne, na Januari 2019 akalazimika kuwekewa chuma kwenye nyonga ile ile. Yule alikuwa na kila huduma inayopatikana duniani. Mama apunguze uzito kama upo, atumie mkongojo mkono wa upande mzima, dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari, na aulizie nyonga ya bandia.

Kijana wa sikoseli ni habari nyingine. Kwake tufe hufa kwa kukosa damu. Eksirei ya mwanzo inaweza kuwa safi kabisa, kwa hiyo maumivu ya kinena yakizidi wiki chache anahitaji MRI. Tufe likiwa bado halijaporomoka kuna njia ya kulitoboa kupunguza shinikizo ndani ya mfupa. Matundu ya kamera hayarudishi damu. Akiwa na homa na hawezi kabisa kusogeza mguu, hiyo ni dharura ya usaha kiungoni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usaha unakula gegedu kwa siku chache.

Kwa nyonga yenye vipande vilivyolegea ndani, kamera inafanya kazi nzuri sana. Vivyo hivyo ikitakiwa kuchukua kinyama cha kupima kama kuna shaka ya TB ya nyonga.

Fizio_Shangani:

Ya baada ya upasuaji nayasema mimi, maana huku kwetu mazingira yana masharti yake.

Magongo mawili, wiki 2 hadi 3, unyayo ukigusa chini bapa kwa uzito wa kilo 10 tu. Kilo 10 unazijuaje? Weka mizani ya kupimia watu chini, simama na magongo, kanyaga mpaka mshale ufike 10. Rudia mara ishirini mpaka mguu ujifunze. Usiuning'inize mguu hewani, kwa sababu msuli wa mbele wa nyonga utafanya kazi mfululizo na kuvimba. Kama mfupa wa kikombe ulitobolewa ili kovu linalofanana na gegedu liote, magongo ni wiki 6 hadi 8.

Nyonga isikunjwe kupita nyuzi 90 kwa wiki za mwanzo, na unyayo usigeuzwe nje kwa nguvu. Hapo kuna choo cha kuchuchumaa, jamvi na kiti kifupi cha mbuzi ya nazi. Vyote vikae pembeni. Tafuta kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kiwekwe juu ya tundu la choo. Swala iwe ya kukaa kwenye kiti. Kupanda bodaboda kunahitaji kurusha mguu na kuupanua, subiri wiki 6 au zaidi. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, kuokota chini ya mkorosho ni kuinama kutwa nzima. Anayepasuliwa Agosti asijihesabu kwenye nguvu kazi ya mwaka huo.

Mguu lazima usogezwe mapema, la sivyo kifuko kinashikana na makovu. Mtu wa nyumbani ashike goti na kisigino, nyonga ikiwa imekunjwa kama nyuzi 70, azungushe duara dogo taratibu dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Baiskeli isiyo na upinzani inaanza siku za mwanzo, dakika 20. Baiskeli yetu ya kawaida inafaa: isimamishe kwa stendi ya miguu miwili gurudumu la nyuma lielee, awepo mtu wa kuishika, kiti kiwe juu ili goti libaki chini ya nyonga. Tumia ya kike isiyo na bomba la juu.

Kukimbia ni mwezi wa 3 hadi wa 4, baada ya kusimama mguu mmoja na kujishusha kidogo mara kumi bila nyonga ya upande wa pili kudondoka.

Sista_Mikindani:

Dawa: mfupa unaweza kuota ndani ya misuli mahali palipochongwa. Ndiyo maana madaktari wengi huandika naproksini miligramu 500 mara mbili kwa siku, wiki 3, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aseme kabla ya kuandikiwa. Asiinunue mwenyewe duka la dawa.

Bi_Chikundi:

Na safari ya kurudi kutoka Dar? Basi ni kutwa nzima.

Fizio_Shangani:

Ni kilomita kama 560 hadi Mtwara mjini. Asisafiri siku ya pili. Ikiwezekana abaki Dar mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14. Akate siti ya pembeni mwa njia, inayolala, upande ambao mguu uliopasuliwa utanyooka njiani. Aombe kushuka Kibiti, Somanga na Nangurukuru, atembee na magongo dakika 5. Katikati ya vituo asukume unyayo juu na chini mara 20 kila nusu saa. Shavu la mguu likivimba upande mmoja na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ashuke kituo cha afya kilicho karibu, asingoje kufika. Damu iliyoganda haisubiri.

Gegedu_Kusini:

Nyongeza moja ya lazima. Asitoke hospitali bila ripoti ya upasuaji mkononi. Iandikwe nanga ngapi, kifuko kilifungwa au la, mfupa ulitobolewa au la, na mguu ulivutwa dakika ngapi. Kidonda kikitoa maji baada ya siku 5, au homa ikipanda, atakayempokea hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao ataanza na karatasi hiyo. Apige nakala mbili, moja ampe fizio wake.